Cha Bure na Heshima ya Msomaji

Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga. Asiye na cha kutoa asitazamie kupokea. Methali hii ni ya sokoni na ya barazani, na katika shughuli nyingi za dunia ukweli wake hauna ubishi. Walakini yako mambo ambayo, tukiyapima kwa kipimo hicho, tutawatazama wenzetu wakiangamia huku tumekunja mikono. Mojawapo ni maarifa ya afya.

Tangu madaktari wa Marekani walipotangaza habari za kwanza za maradhi ya UKIMWI mwezi wa Juni 1981, kumezuka katika nchi mbalimbali majarida ya afya yagawiwayo bure kwa watu wanaoishi na virusi vya maradhi hayo. Mengi yalianza kama karatasi chache zilizobanwa pembeni kwa pini. Baadhi yalikua yakawa majarida ya kurasa nyingi na picha za rangi. Msomaji huyakuta juu ya benchi la zahanati au katika ofisi ya chama, naye huyachukua bila kulipa hata senti moja.

Swali tunalotaka kulitafakari hapa ni la maadili. Mtu anunuaye gazeti ana fimbo mkononi: likimdanganya au kumtukana, kesho hanunui. Apewaye bure hana fimbo hiyo. Basi ni kitu gani kimlazimishacho mtoaji kusema kweli, kumwita msomaji kwa jina la heshima, na kumtunzia siri yake? Je, kinachotolewa bure chaweza kumwachia mpokeaji utu wake mzima? Twaliona swali hili kuwa la walimu wa Kiswahili kama lilivyo la waganga, kwa kuwa jarida ni maneno, na maneno ndiyo kazi yetu.

Bure yenye sura mbili

Mwanafunzi wetu mgeni wa Kiswahili hupata tabu na neno hili bure. Akisikia kwamba Fulani alipewa kitabu bure, aelewa mara moja kuwa hakulipa. Lakini akisikia kwamba Fulani amejichosha bure, au kwamba yule ni mtu bure, hushangaa, maana hapo bure ni kitu kisicho na faida wala thamani. Lugha imeziweka maana hizo mbili ndani ya neno moja, na kwa kufanya hivyo imetuonya. Kati ya kitu kisicho na bei na kitu kisicho na thamani, njia ni fupi. Tumewahi sote kuona vitabu vya msaada vilivyogawiwa shuleni vikiishia kufungia karanga.

Wako wasemao kwamba jarida la namna hii ni sadaka. Sadaka ni jambo jema, na dini zetu zote zaiamrisha. Lakini mpokea sadaka hana kauli. Akipewa chakula kilichochacha hula, na akinung'unika huambiwa kuwa hana shukrani. Jarida likiandikwa kwa moyo wa sadaka, mwandishi huinuka juu ya kichuguu na msomaji hubaki chini. Hapo ndipo yanapotoka yale maandishi ya afya tunayoyajua, yajaayo amri na karipio: usifanye hili, acha lile, ungalisikia usingaliugua.

Wako wengine wasemao kwamba ni haki. Hawa wako karibu zaidi na kweli. Azimio la Dunia la Haki za Binadamu la mwaka 1948 limeyataja matunzo ya tabibu miongoni mwa mambo anayostahili kila binadamu. Hata hivyo neno haki lina udhaifu wake: humwambia mtu kwamba anastahili, bila kumwonyesha ni nani anayewajibika kumpa, wala kwa sababu gani. Haki nyingi zimeandikwa vizuri na kulala vizuri makabatini.

Sisi twaona kwamba ziko sababu za kulitumia neno la tatu, nalo ni deni.

Nani aliyelipa?

Kuchapa jarida kwahitaji karatasi, wino na mishahara, na gharama hizo hapana budi zilipwe na mtu. Lakini kabla ya karatasi kuna maarifa yenyewe, nayo yalilipiwa kwa fedha ya namna nyingine.

Mwaka 1999 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa hapa Uganda, mjini Kampala. Mama mwenye virusi alipewa kidonge kimoja cha nevirapine uchungu ulipoanza, na mtoto akapewa dozi yake moja katika siku tatu za kwanza za maisha. Kwa njia hiyo hatari ya mtoto kuambukizwa ilipungua karibu nusu, ikilinganishwa na watoto ambao wao na mama zao walipewa AZT kwa muda mfupi. Habari hiyo ilienea duniani kote, ikawafaa akina mama wa nchi nyingi. Je, nani aliyeilipia? Ni wale mama wa Kampala waliokubali kutolewa damu, kuulizwa maswali, na kuwakabidhi watoto wao kwa jambo ambalo mwisho wake ulikuwa haujajulikana.

Vivyo hivyo mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi ulioshirikisha jozi 1,763 za wapenzi katika nchi 9, zikiwamo Kenya, Malawi, Zimbabwe na Afrika Kusini. Katika kila jozi mmoja alikuwa na virusi na mwenzake hana. Ilionekana kwamba mwenye virusi aanzapo dawa mapema, uwezekano wa kumwambukiza mwenziwe hupungua kwa asilimia 96. Leo tarakimu hiyo yafundishwa katika vyuo vya uganga. Nyuma yake wapo watu waliofungua milango ya nyumba zao na kueleza mambo ambayo hata ndugu hawaelezwi.

Ikiwa ndivyo, basi mkono wa msomaji wa jarida la bure si mtupu hata kidogo. Yeye na wenziwe walikwisha kulipa, na walilipa kwa miili yao. Wengi waliolipa hawapo tena kudai. Jarida linapomfikia aliye hai bila bei, hapewi hisani, arudishiwa chake. Na mrudisha deni hana haki ya kujigamba, wala ya kupunja kipimo.

Tukilikubali hilo, tutaelewa pia kwa nini majarida bora ya namna hii yalitoka mikononi mwa wenye maradhi wenyewe. Mfano mmoja unaojulikana sana unatoka mbali na kwetu, mjini Chicago, Marekani. Huko mwaka 1987 watu wenye virusi walianzisha chama cha kusaidiana, Test Positive Aware Network. Kutokana na kijarida cha wanachama lilikua jarida liitwalo Positively Aware, likagawiwa bure mbali na mji ule. Katika mwaka huo huo wa 1987, hapa Uganda, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha chama cha TASO cha kuwasaidia wenye UKIMWI na jamaa zao, wakati ambapo wengi walikuwa wakiogopa hata kuwashika mkono. Vyama hivi viwili havikuzaliwa katika hali moja ya maisha, lakini vilitoka katika hitaji moja: watu walioambiwa kwamba wamekwisha kufa walitaka kuzungumza kama walio hai.

Hapa yafaa tukabili pingamizi moja zito. Msomaji asipolipa, mwingine hulipa, na mlipaji ana matakwa yake. Kwa miaka mingi jarida la Chicago lilichapisha matangazo ya makampuni yatengenezayo dawa zile zile lilizozieleza. Je, mtu aweza kumsema kwa haki anayemlisha? Kwetu nako majarida na zahanati nyingi zimetegemea fedha za wafadhili wa ng'ambo. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na huduma nyingi za VVU katika bara letu zikatikisika kwa siku chache tu. Hapo tulionyeshwa wazi kwamba bure yetu ilikuwa na mwenyewe.

Hatudhani kwamba pingamizi hili laweza kuondolewa kabisa. Laweza kupunguzwa, na njia ya kulipunguza ni kuwa na kipimo ambacho msomaji aweza kukishika mkononi. Sisi twapendekeza kipimo cha mambo matatu, nayo ndiyo matatu anayodaiwa msomaji: jina lake, ukweli mzima, na siri yake.

Jina la msomaji

Maradhi haya yalipoingia katika nchi zetu mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu waliyapa majina kabla madaktari hawajafika na lao. Kwetu Uganda yaliitwa slim, kwa vile yalivyomkondesha mtu, na Waganda wakalitohoa wakasema siriimu. Kule Kagera, ng'ambo ya mpaka, watu walisema Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa siku hizo na wafanyabiashara wa magendo. Baadaye vijana wa mijini walisema ngoma, na kukanyaga miwaya. Majina hayo yalikuwa ya woga na ya kicheko, na watu wawili wakifuatana na kifo aghalabu huzungumza hivyo.

Jina la UKIMWI lilikuja kama kifupisho, na hapo pana jambo ambalo walimu wetu hawana budi kuliangalia. Wako wanaokifafanua kifupisho hicho kuwa Ukosefu wa Kinga Mwilini, na wako wasemao Upungufu wa Kinga Mwilini. Herufi ni zile zile, lakini maana si moja. Kilichokosekana hakipo. Kilichopungua chaweza kuongezwa. Tangu mwaka 1996, dawa za mchanganyiko zilipoanza kutumika, tumeona kwa macho kwamba kinga iliyoshuka hupanda tena. Basi asemaye upungufu asema kweli zaidi, na amwachia msikilizaji mlango wazi.

Tuje sasa kwenye jina la mtu mwenyewe. Kwa miaka mingi magazeti yetu yaliandika mwathirika wa UKIMWI. Tukilichambua neno hilo kama tufanyavyo darasani, twaona kwamba limejengwa juu ya kitenzi kuathirika. Mtu huyo hatendi. Ametendwa, na yote yamekwisha kumpata. Kisha huja kile kiunganishi -a, kinachoonyesha mwenye mali: mwathirika wa UKIMWI, kama kusemavyo mtumwa wa fulani. Maradhi ndiyo mwenye mtu. Sasa tulinganishe na mtu anayeishi na virusi. Hapa kitenzi ni kuishi, mtendaji ni mtu, na virusi vimewekwa mwishoni baada ya neno na, kama mpangaji asiyependwa katika nyumba ya mwingine. Sarufi imemrudishia mtu nyumba yake.

Mabadiliko hayo hayakutungwa na wataalamu wa lugha. Mwezi wa Juni 1983, mjini Denver huko Marekani, kikundi kidogo cha watu wenye UKIMWI walisimama mbele ya mkutano wa afya wakasoma tamko lao. Walikataa kuitwa majeruhi wa maradhi, wakasema kwamba hata jina la wagonjwa huwafaa kwa nyakati fulani tu. Wao ni watu wenye UKIMWI, na wanataka kuwamo katika kila baraza linaloamua mambo yao. Wakati huo hapakuwa na dawa hata moja. Hawakuwa na cha kutetea isipokuwa jina, nao waliona kwamba lastahili kutetewa.

Yuko atakayesema kwamba jina halitibu. Ni kweli. Lakini walimu tunajua kwamba mtoto aitwaye mjinga kila siku hujifunza ujinga. Na mtu aliyezoea kusoma kwamba yeye ni mwathirika hawezi kwa wepesi kusimama mbele ya daktari na kuuliza, dawa hii mnayonipa ni ipi, na kwa nini?

Ukweli mzima

Deni la pili ni ukweli. Kwa kawaida waandishi wa afya hawapendi kusema uongo. Wapendacho ni kukata kipande. Husema kwamba dawa inaponya maisha, na hunyamaza kuhusu maumivu yake. Sababu zao si mbaya. Waogopa kwamba msomaji akisikia madhara ataiacha dawa, naye akiiacha atakufa.

Tuutazame uzoefu. Dawa ya kwanza, AZT, iliidhinishwa Marekani mwezi wa Machi 1987. Ilimezwa kila baada ya saa 4, usiku na mchana, na watu wengi ilipunguza damu yao hata wakadhoofika. Mwaka 1990 wakuu wa dawa wa nchi hiyo walikubali kwamba nusu ya kipimo kile yatosha. Katika nchi zetu, dawa zilipoanza kutolewa kwa wingi katika miaka ya 2000, mojawapo iliyotumika sana ilikuwa stavudine. Iliokoa watu wengi sana. Lakini wengine miguu iliwaka moto, mashavu yakabonyea, na mikono ikakonda huku tumbo likinenepa, hata jirani akaweza kumtambua mmezaji kwa kumtazama usoni. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiache dawa hiyo hatua kwa hatua.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliojua mapema zaidi habari za miguu ile ni wenye miguu. Ikiwa jarida lilinyamaza, je, msomaji hakuyaona mashavu yake katika kioo? Aliyaona, na akajua mambo mawili kwa pamoja: kwamba dawa ina madhara, na kwamba jarida si la kuaminiwa. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwani siku jarida lilipomwambia asiache dawa bila kumwona daktari, hakuwa na sababu ya kulisadiki. Ukweli uliokatwa kwa ajili ya kumlinda msomaji humnyang'anya kinga kubwa aliyokuwa nayo.

Jarida la Chicago lilikuwa na desturi moja tunayoipenda. Katika toleo lake la mwaka la kueleza dawa, kila dawa ilielezwa kwa tarakimu na kipimo chake, kisha yakawekwa maoni mawili: ya daktari, na ya mwanaharakati kutoka katika jamii ya wenye virusi. Daktari alisema alichokiona katika vipimo, na mwenzake akasema hali ilivyo katika maisha ya kila siku. Msomaji aliachiwa ayapime mwenyewe. Hii si hila ya uandishi. Ni kukiri kwamba msomaji ana akili, na kwamba maarifa ya mwili yana wenyewe wawili. Pia ndiyo dawa ya lile tatizo la mlipaji tulilolitaja: si rahisi kampuni kumnunua daktari, na mhariri, na mmezaji, wote kwa mara moja.

Nchini Afrika Kusini nako, chama cha Treatment Action Campaign, kilichoanzishwa mwezi wa Desemba 1998, kilitoa jarida la bure lililoitwa Equal Treatment. Kilifundisha wanachama, wengi wao watu wa vitongoji vya kimaskini, majina ya dawa na jinsi kila moja inavyomzuia kirusi. Wako waliosema kwamba elimu hiyo ni nzito mno kwa watu wasiosoma sana. Lakini ndio hao hao waliokwenda mahakamani kudai nevirapine kwa akina mama wajawazito, na mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ikawapa haki yao. Asiyejua jina la kitu hawezi kukidai.

Siri na kificho

Deni la tatu ni gumu kuliko yote. Jarida linalomfaa mtu laweza pia kumsaliti. Tumfikirie mwanafunzi wa shule ya bweni aliyezaliwa na virusi. Wako wengi wa namna hiyo katika nchi zetu, nasi walimu twajua jinsi wanavyoishi: dawa huwekwa katika kopo la kitu kingine, humezwa gizani chini ya blanketi, au siku nyingine hazimezwi kwa kuwa kitanda cha pili kina macho. Mtoto huyo ana haja ya jarida kuliko mtu yeyote. Lakini jarida lenye maandishi makubwa juu ya jalada kwamba ni la wenye virusi, atalisomea wapi?

Methali hutupwa haraka hapa: mficha maradhi, kilio humfichua. Mara nyingi tumeisikia ikisemwa kwa watu hawa, kana kwamba kunyamaza ni kosa. Twaomba itumiwe kwa uangalifu. Methali yasema juu ya amfichaye tabibu, akakosa dawa. Haisemi kwamba kila mtu awatangazie wapangaji wenziwe. Kificho ni kukataa kujua. Siri ni kujua, na kuchagua ni nani mwingine ajue. La kwanza huua; la pili ni mali ya mtu, kama nguo yake. Mwimbaji Philly Lutaaya alipotangaza mwaka 1989 kwamba ana UKIMWI, kisha akazunguka nchini akizungumza na vijana mpaka alipofariki Desemba mwaka huo huo, alitoa mali yake kwa ajili ya watu. Tendo lake ni tukufu kwa sababu hakulazimishwa. Tukilifanya kuwa sharti kwa kila mtu, tutakuwa tumeiba kile alichokitoa yeye kwa hiari.

Basi jarida lifanyeje? Baadhi wamejibu kwa kulificha jina. Twaona liko jibu jema zaidi, na tumelipata kutoka kwa watu wale wale wa Afrika Kusini. Walishona fulana zilizoandikwa kifuani, kwa herufi kubwa, kwamba mvaaji ana virusi. Kisha wakazivaa wote, wenye virusi na wasio navyo. Mwaka 2002 Nelson Mandela mwenyewe aliivaa. Mara fulana ile ilipoteza uwezo wa kumfichua mtu. Aliyekuwa na siri aliihifadhi katikati ya umati, na aliyetaka kusema alisema.

Jarida nalo liwe vivyo hivyo: liandikwe kwa ajili ya wanaoishi na virusi, lisomwe na kila mtu. Nchini Tanzania jarida la Femina, ambalo baadaye liliitwa Fema, liligawiwa bure katika shule za sekondari. Hapa Uganda gazeti la Straight Talk, lililoanza mwaka 1993, lilifanya kazi kama hiyo kwa vijana. Hayo hayakuwa ya wenye virusi peke yao, lakini yalionyesha kwamba mambo haya yaweza kuwekwa juu ya dawati bila mtu kutazamwa kwa jicho baya. Tena iko haja nyingine. Siku hizi imethibitika kwamba mtu atumiaye dawa vizuri, hata virusi vyake visionekane kwa kipimo, hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Kampeni ya kulitangaza jambo hilo duniani ilianza mwaka 2016. Maarifa hayo yakijulikana kwa mwenye virusi peke yake, faida yake ni nusu, kwani amwogopaye ni jirani yake.

Kazi yetu

Tumesema kwamba swali hili ni la walimu wa Kiswahili. Sasa tuonyeshe ni kwa vipi.

Dereva wa lori atokaye Mombasa hupita Malaba na Kampala, huenda Kigali, Bujumbura au Goma, naye njia nzima hutumia Kiswahili. Hizo ndizo barabara yalizopita maradhi haya. Njiani atasikia UKIMWI, siriimu na sida, na dawa zake atazichukua katika zahanati ambako mambo yameandikwa kwa Kiingereza, kwa Kifaransa au kwa lugha ya mahali hapo. Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini lugha haifanywi rasmi na katiba peke yake. Hufanywa rasmi siku mtu anapoweza kuulizia uhai wake kwa lugha hiyo.

Kazi hiyo yataka uangalifu mkubwa wa maneno. Twaona kwamba watu wa Tanzania walichagua vyema waliposema dawa za kufubaza virusi. Kilichofubaa kimepoteza nguvu yake, lakini kipo. Neno halikudanganya kwa kusema kuponya. Tazama kwa upande wa pili maneno virusi havionekani. Mtaalamu akisema hivyo, akusudia kwamba ni vichache mno hata kipimo hakivikamati. Lakini mama wa kijijini akiyasikia, yamkini ataelewa kwamba havimo tena, na kidonge ataweka kando. Kutoonekana si kutokuwapo. Tofauti hiyo ya maneno mawili yaweza kuwa tofauti ya maisha na mauti, na ni nani aliyefunzwa kuipambanua kama si mwalimu wa lugha?

Yafaa basi wanafunzi wetu wapewe kurasa za majarida haya darasani, wazitafsiri, wazihakiki, wauleze uzito wa kila jina. Wasiambiwe kwamba ni somo la wagonjwa. Waambiwe kwamba ni somo la ufasaha, maana ufasaha ni kumwambia mtu ukweli wote bila kumvunjia heshima. Na yule mmoja katikati yao ambaye ukurasa huo wamhusu zaidi ataupata mbele ya wote, pasipo mtu kujua.

Tulianza na methali ya mkono mtupu. Hatuikatai, ila twasema kwamba huwafaa wale ambao kweli hawajatoa kitu. Wasomaji tuliowazungumzia walikwisha kutoa damu, majina na miaka ya maisha. Anayewaandikia bure na ajue kwamba yuko katika kulipa, na deni bado halijesha. Haya ndiyo maoni yetu. Walimu wenzetu walio na mawazo mengine, hasa juu ya siri na juu ya majina, twawakaribisha wayatoe katika kurasa hizi.